Sura ya Nne: Nikafanyie Mtihani kwa Pikipiki Ipi?

Swali hili hunifikia kwa sura nyingi. Kijana wa kijiweni huuliza: "Kaka, niende na Boxer ya bosi, au nikaazime ile nyepesi ya jamaa?" Bwana shamba aliyekabidhiwa pikipiki ya mradi, ile ndefu yenye matope yaliyokaukia hadi kwenye taa, anataka kujua kama akitahiniwa kwa pikipiki ndogo ataruhusiwa kuendesha hiyo kubwa. Mama anayesambaza maziwa asubuhi hata haulizi. Anaitazama siti, anaitazama miguu yake, kisha ananitazama mimi.

Wote watatu wameshauliza mtaani, na mtaani wamejibiwa kwamba pikipiki ni pikipiki, ukijua moja umezijua zote. Mimi niliyaamini maneno hayo, yakaniangusha mtihani.

Sikuwa mgeni wa pikipiki. Nilikuwa nimejifunzia kwa miezi miwili kwenye pikipiki ya Kichina ya mjomba wangu. Siku ilipokaribia nikaiona imechakaa mno: siti imefungwa kwa mpira wa baiskeli, indiketa moja imening'inia kwa waya. Nikamwomba jirani yake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amenunua mpya. Nyekundu, inang'aa, bado ina nailoni kwenye tangi. Nikafika uwanjani kifua mbele.

Afande akapunga mkono nianze. Gia ya kwanza ikaingia vizuri, kwa kukanyaga mbele kama nilivyozoea. Nikakanyaga mbele tena nipate ya pili. Kimya. Nikakanyaga tena. Injini inalia kama mashine ya kusaga, walio kwenye foleni wanacheka, nami bado niko gia moja. Kwenye mstari wa kusimama nikabonyeza kwa kisigino mara mbili nikijua ninashusha gia. Kumbe ninapandisha. Nilipoambiwa niondoke nikaachia klachi, pikipiki ikatikisika na kuzima, mguu ukaenda chini. Nikaiwasha, ikazima tena.

"Kijana, hiyo pikipiki ni yako?"

Sikuwa na jibu. Kosa langu halikuwa la pale uwanjani. Nililifanya jana yake jioni, nilipochagua pikipiki kwa macho.

Mtahini anatazama nini?

Wengi huingia uwanjani wakidhani wanakwenda kuonyesha mbio. Mbio hazina kazi pale. Kitu kigumu katika mtihani wa pikipiki, popote duniani, ni kwenda taratibu bila kuanguka: kupita katikati ya koni, kuzunguka duara la nane, kugeuza mahali pembamba, kusimama juu ya mstari na kuondoka tena bila kuzima. Mwendo ukiwa mkubwa, pikipiki hujisimamia yenyewe kwa kiasi chake. Ukipungua hadi ule wa mtu anayetembea, wewe ndiwe unayeisimamisha, kwa handeli, kwa klachi na kwa macho.

Wajapani wana zoezi moja linaloonyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote. Huweka ubao chini, urefu mita 15, upana sentimita 30, kimo sentimita 5 tu kutoka ardhini. Mtahiniwa anapita juu yake na pikipiki. Anayemwaminisha mtahini si anayepita haraka, ni anayechelewa: kwa leseni ya pikipiki za hadi cc 400, ukimaliza ubao chini ya sekunde 7 unapoteza alama, kwa zile kubwa zaidi, sekunde ni 10. Mita 15 kwa sekunde 10 ni mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Ukitoka nje ya ubao, mtihani umekwisha.

Nawashauri wanafunzi wangu wajitengenezee ubao huo bila ubao. Mwaga majivu kwenye uwanja, mistari miwili, urefu hatua kumi na tano kubwa, upana rula ya mwanafunzi wa darasa la nne. Kisha leta pikipiki unayofikiria kwenda nayo mtihanini. Ile itakayokupitisha kati ya mistari hiyo polepole mara tano mfululizo ndiyo unayoitafuta, hata kama siti yake imechanika.

Kwanza fungua kadi: leseni ya daraja gani?

Kabla ya kupenda pikipiki, tazama karatasi zake. Leseni za pikipiki zimegawanywa kwa madaraja, na daraja hupimwa hasa kwa cc. Hii cc ni kipimo cha nafasi ambayo pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda, mle ambamo mafuta na hewa huwaka. Cc 1 ni sawa na mililita 1. Kwa hiyo injini ya cc 150 ina nafasi ya nusu chupa ya soda ya mililita 300. Nafasi kubwa huchoma mafuta mengi kwa mpigo mmoja, na nguvu huongezeka.

Kwa Tanzania Bara mgawanyo uko hivi:

- A: pikipiki zinazozidi cc 125, au zenye uzito unaozidi kilo 230.
- A1: pikipiki zisizo na kigari cha ubavuni, zilizo chini ya kipimo hicho.
- A2: vyombo vya magurudumu matatu au manne vya jamii ya pikipiki, bajaji zimo humu.
- A3: vipikipiki visivyozidi cc 50.

Kenya wanatumia herufi zilezile kwa maana nyingine, na wanaovuka mpaka Namanga au Holili huchanganyikiwa. Kule A1 ndiyo ya vipikipiki vya hadi cc 50, A2 ni pikipiki za kawaida, na A3 ni za bodaboda, wapeleka vifurushi na magurudumu matatu. Yaani Mkenya mwenye A2 na Mtanzania mwenye A2 hawaendeshi chombo kimoja.

Mtego mkubwa kwa Tanzania uko kwenye namba 125. Pikipiki nyingi zilizoandikwa 125 ubavuni, ukifungua kitabu chake unakuta 124 na nukta. Boxer inayoitwa 150 ina cc 144.8. Maandishi ya ubavuni ni jina la biashara. Ujazo wa kweli umeandikwa kwenye kadi ya usajili, na kadi ndiyo atakayoitazama afande.

Basi anza na kazi inayokungoja. Kama pikipiki utakayoendesha kesho ni ya cc 150, usijifiche nyuma ya cc 100 kwa kuwa ni nyepesi. Omba daraja A, nenda na pikipiki iliyo ndani ya daraja A. Bwana shamba wetu naye jibu lake ni hilo: atafute namba kwenye kadi ya pikipiki ya mradi kwanza, maana zile ndefu za njia mbaya nyingine ni cc 100 au 125 tu licha ya kimo chake, na nyingine ni 200.

Uingereza wameliweka jambo hili wazi kuliko sisi. Anayeomba leseni ya juu kabisa lazima atahiniwe kwa pikipiki isiyopungua cc 595. Anayeomba ya kati, ana kiwango chake. Ya chini, kati ya 120 na 125. Kwetu wenye pikipiki za cc 600 ni wachache, lakini mantiki ni ileile.

Kaa juu yake kabla hujapiga kiki

Hapa ndipo mama wa maziwa alikuwa mbele ya wenzake wote. Aliitazama siti.

Pikipiki ikiwa imezimwa, panda, ishike wima, weka miguu yote miwili chini. Unyayo wote ukigusa, umepata. Vidole na mpira wa unyayo vikigusa, bado ni sawa. Kama inabidi uinamie upande mmoja ndipo vidole viguse, iache, hata kama ni mali ya baba yako. Katika zamu ya polepole mguu hauna budi kuwa tayari kwenda chini, na mguu unaojua kwamba ardhi iko mbali humtia mwenyewe hofu. Hofu hukaza mikono. Mikono ikikaza, handeli haigeuki.

Pikipiki ndefu kama Yamaha DT125, ambazo miradi ya afya na kilimo imezitawanya vijijini kwa miaka mingi, zina siti iliyo juu zaidi ya sentimita 80. Kwa njia ya mawe hazina mpinzani. Kwa duara la nane, mtu mfupi atateseka bure. Boxer, TVS na Honda za kubebea abiria ziko chini kidogo, lakini kuna siri moja: nyingi za kijiweni zimepita kwa fundi wa siti. Ameongeza sponji ili abiria asiumie, na siti imepanda sentimita tatu au nne. Pikipiki mbili za jina moja, mwaka mmoja, kiwanda kimoja, moja unafika chini na nyingine hufiki. Kwa hiyo usiulize jina. Kaa.

Ukishakaa, shuka uisukume hatua ishirini, ukiigeuza kushoto na kulia. Ipandishe kwenye stendi kubwa, ile ya katikati, kisha ishushe. Ikikuelemea hapo, itakuelemea pia itakapozima katikati ya koni.

Uzito una hila zake. Petroli lita moja ni karibu robo tatu ya kilo, na tangi limekaa juu. Tangi la lita 10 likijaa umejibebesha kilo saba na nusu mahali pabaya kabisa kwa mtu anayekwenda taratibu. Nenda na robo tangi. Vua keria ya mizigo kama inafunguka, vua kreti la soda, na kama ni pikipiki yenye mwavuli ule wanaoufunga sana Kenya, uvue pia, kwa sababu upepo mdogo tu wa ubavuni unaugeuza kuwa tanga la dau.

Mavazi nayo yaingie kwenye hesabu. Nimeona kanga ikishikwa na cheni ambayo haina kifuniko. Haikuumiza mtu, lakini aliyekuwa ameivaa hakupanda tena kwa mwaka mzima. Anayevaa gauni au buibui achague pikipiki yenye cheni iliyofunikwa kabisa, avae suruali ndani, na ajifunze akiwa amevaa vilevile atakavyovaa siku hiyo.

*Kwa ufupi:* daraja kwanza, kisha miguu, kisha uzito. Rangi na mwaka wa kutengenezwa haviulizwi.

Klachi inauma wapi?

Klachi ni mkono wa kushoto. Ukiubana, injini inaachana na gurudumu la nyuma. Ukiuachia, vinashikana. Baina ya kubana na kuachia kuna mahali padogo ambapo vinaanza kushikana lakini bado havijashikana kabisa. Mafundi husema klachi *inauma* pale. Mtihani wote wa polepole unaendeshwa ndani ya hapo padogo: mafuta yametulia, klachi iko nusu, na mguu wa kulia umegusa breki ya nyuma kidogo tu, kama mtu anayemshika mtoto mkono sokoni.

Klachi inayouma mwishoni kabisa, vidole vikiwa karibu vimenyooka, huchosha na kumshtua mgeni. Inayouma mara tu unapoanza kuachia, vidole vikiwa bado vimegusa handeli, haikupi nafasi ya kupima. Iliyo nzuri kwa mtihani huuma katikati, taratibu, na mkono wake si mgumu. Kabla ya kuuma, ncha ya mkono wa klachi iwe na nafasi ya kucheza kiasi cha sentimita moja hadi mbili. Isipokuwepo nafasi hiyo, klachi inateleza: injini inanguruma na pikipiki haipandi. Ikizidi, klachi haikatiki vizuri na gia zinaingia kwa kelele. Fundi hurekebisha hayo kwa kuzungusha nati ya waya, kazi ya dakika tano.

Mazoezi yake hayahitaji petroli nyingi. Uwanja tambarare, gia ya kwanza, usivute mafuta kabisa. Achia klachi polepole mpaka pikipiki ianze kusogea, ibane isimame, achia tena. Fanya mara hamsini. Pikipiki utakayoweza kuisogeza hatua moja moja bila mafuta na bila kuzima umeshaijua kiganjani.

Gia: mbele, nyuma, juu, chini

Sasa tunarudi kwenye aibu yangu. Pikipiki hazipangi gia kwa namna moja, na hakuna maandishi makubwa yatakayokuambia. Mipangilio utakayokutana nayo sana ni hii:

- Moja chini, nyingine juu. Unakanyaga mbele kupata ya kwanza, kisha unainua kwa kidole gumba (au unabonyeza kwa kisigino kama kanyagio ina ncha mbili) kupata ya pili, ya tatu na kuendelea. Nyutro, yaani mahali pasipo na gia, iko kati ya ya kwanza na ya pili.
- Zote mbele. Nyutro iko mwanzo, na kila ukikanyaga mbele unapandisha. Kisigino kinashusha.
- Zote juu. Kinyume cha hiyo: nyutro iko chini kabisa, na kila gia unaipata kwa kuinua au kwa kisigino.
- Za kuzunguka. Ukishafika ya mwisho na pikipiki imesimama, ukikanyaga mara moja zaidi unarudi nyutro. Honda Super Cub na jamaa zake ndizo zilizozoesha watu mpangilio huu.

Mjomba alikuwa na zote mbele. Jirani alikuwa na moja chini. Gia ya kwanza inaingia kwa namna moja katika zote mbili, na ndiyo maana sikushtuka mapema. Mguu hujifunza polepole kuliko kichwa na husahau polepole kuliko kichwa. Unaweza kuelezwa mpangilio mpya asubuhi, ukauelewa, ukaurudia kwa mdomo, na bado mtahini akikukazia macho mguu ukafanya ulichozoea.

Kwa hiyo nina sharti moja ambalo sijamlegezea mtu: usifanyie mtihani kwa pikipiki ambayo hujaiendesha angalau siku saba, na siku hizo zisikatizwe na pikipiki ya mpangilio mwingine. Kijana wa kijiweni anayeshinda kwenye Boxer ya bosi ameshapata jibu lake. Aende na Boxer. Nyepesi ya jamaa itamsaliti.

Kuna wanaoniuliza, "Si bora nichague Super Cub isiyo na mkono wa klachi, nipunguze kazi?" Pikipiki hiyo, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1958 na ikapita idadi ya milioni 100 mwaka 2017, ina klachi inayojifunga yenyewe kadiri injini inavyozunguka. Ni rahisi kweli kuondoka nayo. Lakini huwezi kuishika nusu kwa vidole, na katika zamu nyembamba unabaki na mafuta na breki peke yake. Aliyezoea atapita vizuri. Anayeikimbilia kwa kuogopa klachi ataikuta klachi kazini.

Breki ya mbele si adui

Kuna imani imeenea vijiweni kwamba breki ya mbele inarusha. Wapo wanaoilegeza makusudi, wengine wanaifungua kabisa. Pikipiki ya namna hiyo usiende nayo mtihanini, na ningekuwa na uwezo ningesema usiipande kabisa.

Fikiria abiria wa daladala aliyesimama. Dereva akifunga breki, abiria wote wanaegemea mbele. Uzito wa pikipiki nao unafanya hivyo hivyo: unakimbilia gurudumu la mbele, la nyuma linabaki jepesi. Gurudumu jepesi likifungwa halishiki ardhi, linaserereka. Anayetegemea breki ya mguu peke yake anatumia gurudumu dhaifu na kuliacha lenye nguvu likiwa limelala.

Kinachorusha ni kuikwapua. Ikamue kama unavyokamua ndimu, mwanzo taratibu kisha kwa nguvu inayozidi, handeli ikiwa imenyooka. Ukienda kilomita 30 kwa saa, kila sekunde inakula zaidi ya mita 8. Ukichelewa sekunde moja kwa kusitasita mkono wa kulia, mstari wa kusimama umeshaupita kwa urefu wa magari mawili.

Breki za diski, zile zenye sahani ya chuma inayong'aa, huuma kwa kasi kuliko za ngoma zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Kwa mwanafunzi aliyezoea ngoma, diski huwa kali siku ya kwanza. Siku saba nilizotaja hapo juu zinatibu hilo pia.

Vespa, skuta na za umeme

Nitapita haraka hapa. Vespa za zamani, ambazo Unguja bado zinakatiza vichochoro, hubadili gia kwa kuzungusha mkono wa kushoto pamoja na klachi. Mguu hauna kazi isipokuwa breki. Aliyejifunzia Vespa akihamia kwenye pikipiki ya gia za mguu siku ya mtihani atakuwa mimi mwingine.

Skuta za kisasa hazina gia za kubadili wala mkono wa klachi, na za umeme vilevile. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria hutakiwa kuwa za umeme, na Nairobi na Dar es Salaam zinazidi kuonekana. Ni kimya, nyepesi kuondoka, hazizimi. Lakini hazina cc, kwa sababu hazina silinda. Nguvu yake hupimwa kwa kilowati. Kabla ya kwenda nayo, uliza mapema watakuandikia daraja gani. Uingereza anayefanyia mtihani kwa pikipiki isiyo na mkono wa klachi hupewa leseni inayomfunga kwenye za namna hiyo tu, na sioni ubaya wa sheria ile. Kitu kimoja zaidi kuhusu umeme: mota huvuta tangu mzunguko wa kwanza. Mkono wa kulia ukishtuka, nayo inashtuka.

Ya kuazima

Wengi wetu hatuna pikipiki yetu siku ya mtihani. Tunaazima, na hakuna aibu. Ila azima wiki, usiazime asubuhi. Na ukishaahidiwa, ikague mbele ya mwenyewe, msije mkasemana baadaye:

- kadi ya usajili, na namba zilizo kwenye fremu zilingane nayo
- bima ambayo haijaisha muda
- taa ya mbele, ya nyuma, ya breki, indiketa zote nne, honi
- vioo viwili vya pembeni, si kimoja
- matairi yenye kashata, spoko zisizolegea
- cheni ipande na kushuka sentimita mbili hadi tatu ukiisukuma kwa kidole, isizidi sana
- kofia ngumu inayokutosha wewe, si inayomtosha mwenye pikipiki

Kioo kimoja kinaonekana jambo dogo. Vijana huking'oa ili kupenya kwenye foleni. Lakini mtahini anatazama kichwa chako kama kinageuka kwenye kioo kabla ya kuhama upande, na hukioni kisichokuwepo.

Baada ya kuanguka mara ya kwanza, nilirudi kwa mjomba kuiomba ileile iliyochakaa, kisha nikaipeleka kwa fundi aliyeitengeneza tangu ilipokuwa mpya.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Mtihani lini?"

"Keshokutwa. Nataka uniwekee waya mpya wa klachi, na breki ya nyuma uikaze."

Akachuchumaa, akabana klachi, akaiachia, akabana tena. Akaichomelea indiketa waya. Akatia oili kwenye cheni. Kisha akasimama na kufuta mikono.

"Waya sibadilishi. Huu umeuzoea, una uhai wa mwezi mzima. Nikikuwekea mpya leo, klachi itauma pengine, halafu utakuja kunilaumu. Ukishapata leseni, lete."

Hakunidai zaidi ya pesa ya oili.

Keshokutwa yake nilipanga foleni na ile siti iliyofungwa mpira. Mbele yangu kijana alikuwa amekuja na pikipiki mpya kabisa, nyeusi, ya kuazima. Nilimwona akiinama kutazama kanyagio ya gia, akiigusa kwa ncha ya kiatu mbele, kisha nyuma, kama mtu anayejaribu maji kama yamepoa. Nikamsogelea nikamwambia hiyo ni moja chini, nyingine zote juu. Akanishukuru. Sijui kama mguu wake ulinisikia, kwa sababu zamu yangu iliitwa upande wa pili wa uwanja. Nikapita koni, nikazunguka duara, nikasimama juu ya mstari, nikaondoka. Haikuzima.

Njiani kurudi nikapita kituo cha mafuta, nikatia lita mbili. Mjomba alikuwa barazani. Hakuuliza matokeo. Alifungua kifuniko cha tangi, akachungulia, akaitikisa pikipiki kidogo asikie mafuta yanavyocheza, akakifunga.